Kuacha Sigara kwa Hipnosisi: Tusilipie Usingizi



Tunaulizwa na wenzetu kama ni kweli mtaalamu anaweza kumlaza mtu nusu usingizi, naye akaamka hana tena hamu ya sigara.

Kwanza tuondoe hofu. Hipnosisi si uchawi wala kiinimacho. Jina hilo lilienezwa na daktari Mskoti, James Braid wa Manchester, aliyetoa kitabu chake mwaka 1843. Mtu hapotezi fahamu. Hulegeza mwili, hupumua polepole, akili ikatulia juu ya jambo moja. Ndipo huambiwa achore picha moyoni: king'ora cha mapumziko kimelia, mwenzake anamnyooshea pakiti, naye anakataa na kwenda zake kunywa maji. Mwaka 1970 Daktari Herbert Spiegel wa New York alieleza njia yake ya kikao kimoja tu. Mvutaji hufundishwa kwamba moshi ni sumu kwa mwili, na kwamba mwili huo ndio anaoishi nao, basi aulinde. Kisha huenda kujirudia somo hilo mwenyewe nyumbani. Hapo tunapapenda, maana kujirudia hakuna ada.

Lakini je, inaponya? Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane walipima majaribio 14, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inazidi msaada mwingine, au hata kuacha bila msaada. Basi anayetoza mshahara wa wiki na kuahidi kupona siku hiyo hiyo, huyo anauza maneno. Mwili uliozoea nikotini hudai haki yake: hasira, kukosa usingizi, kutotulia, na siku za kwanza ndizo kali zaidi. Dawa za kupunguza dhiki hiyo zipo. Gamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Mwulize mganga wa zahanati ya shamba lako kama anayo hata plasta moja.

Hapa Uganda Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta mahali pa kazi, na pia kuuza sigara moja moja. Ni sheria njema. Ila wako waajiri wanaopigilia kibao ukutani wakadhani kazi imekwisha, huku mtu wa zamu ya usiku akivuta uani ili asisinzie kwenye mashine. Huyo nani atamchorea picha ya kulala saa nane?

Anayependa picha za moyoni na azijaribu, bure, kitandani kwake kabla ya zamu. Matawi nayo, katika mazungumzo yajayo na waajiri, yadai plasta na gamu katika zahanati, ushauri wa mganga ndani ya saa za kazi, na zamu za usiku zisizofuatana bila kupumzika.