Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Meno Kwanza, Kisha Mionzi

Mheshimiwa Waziri,

Naomba idhini nikufikishie haja yetu sisi wakazi wa Gehandu na jirani zetu wa Hanang na Mbulu, ambao mgonjwa wetu wa saratani ya koo au ya ulimi aghalabu hupewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwe mionzi siku tano kwa juma, majuma sita au saba mfululizo.

Hatuna nongwa na mionzi, kwani ndiyo iponyayo. Ila tezi za mate zikiungua sana hazirudii hali yake, na aliyezipoteza hamezi tonge la ugali ila kwa funda la maziwa, na usiku huamka ulimi umegandamana na kaakaa. Mitambo ya kisasa, inayoufuata uvimbe na kuziepuka tezi, hupunguza mno adha hiyo: katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2011, waliobaki na ukavu wa kinywa wa kusumbua baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 38, ilhali kwa njia ya zamani walikuwa 74. Lakini mitambo si shughuli ya Gehandu.

Tuombalo sisi ni jepesi zaidi, nalo ni la meno. Jino bovu lapasa kung'olewa yapata majuma mawili kabla ya mionzi, fizi ipate kufunga; likingojwa hadi baadaye, taya lililopungukiwa damu kwa mionzi huweza kukataa kupona, mfupa ukafa. Jirani yangu mmoja yalimfika hayo, wala hapakuwa na aliyemfunua kinywa kabla ya safari. Tena maji ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, hata meno ya wengi wetu ni ya hudhurungi tangu utotoni, na rangi hiyo si uozo. Kwa hiyo atazamaye na awe mtaalamu, asije akang'oa mazima kwa dhana.

Basi twaomba uamuru kwamba rufaa ya saratani ya kichwa na shingo, itokayo hospitali ya wilaya au ya Haydom, iambatane na cheti cha daktari wa meno, pasipo kumchelewesha mgonjwa. Na arudipo, aje na maandishi ya kipimo cha mionzi na upande wa taya uliopigwa, ili yeyote atakayeshika koleo miaka kumi baadaye asome kwanza.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Gehandu, Manyara