Kompaila Isiyozimwa

Kijana anayejifunza kuandika programu za simu kwa kompyuta ya nyumbani huonekana akibadili neno moja, kisha akikaa kitako kungoja. Wazazi aghalabu hudhani amezubaa. La hasha. Maandishi yake hayafahamiki na mashine mpaka yafasiriwe, na mfasiri huyo, aitwaye kompaila, naye ni programu inayohitaji kuamshwa kwanza.

Kuamka huko ndiko kunakokula wakati. Kompaila za lugha za Java na Kotlin hutumika ndani ya programu nyingine iitwayo mashine ya Java. Kila iwashwapo, mashine hiyo husoma upya vipande vingi kutoka katika diski. Tena mwanzoni huenda polepole, kwani hutazama kwanza sehemu zipi zinatumika mno, ndipo izigeuze ziwe za kasi. Ikizimwa, maarifa hayo yote hupotea. Ni kama mpishi amwagaye makaa mekundu kila aipuapo sufuria ya chai, halafu akaanza kupuliza jiko upya kwa ajili ya ugali.

Dawa yake ni kuiacha kompaila macho baina ya kazi na kazi. Gradle, programu inayotumika kujenga programu za Android, hufanya hivyo bila kuamriwa tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016. Mtumishi wake hubaki nyuma ya pazia akingoja. Akikaa muda wa saa 3 bila kazi, hujizima mwenyewe.

Lakini askari wa zamu hula posho hata pasipo adui. Mtumishi huyo hushikilia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na miradi miwili inayotaka matoleo tofauti ya Java huamsha watumishi wawili. Kompyuta yenye gigabaiti 4 huelemewa upesi, ikaanza kuhamishia mzigo katika diski. Hapo mama anayefungua hesabu zake za ushonaji huiona mashine imekuwa nzito kama jiwe, na baba huanza kuulizia bei ya mpya.

Kabla ya kutoa fedha, kijana na aandike gradle --stop amalizapo kazi yake. Amri hiyo huwazima watumishi wa toleo lile lile la Gradle tu; wa matoleo mengine huzimwa kwa amri ya matoleo yao, au kwa kuizima kompyuta na kuiwasha tena.