Jibu la Kipokezi Huharibikia Chupani

Mgonjwa wa saratani ya matiti huulizwa na jamaa zake ugonjwa umefika hatua gani. Swali jingine, lisilosikika mara nyingi, lina uzito unaokaribia huo: je, uvimbe wake una vipokezi vya homoni?

Kipokezi cha estrojeni ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli. Homoni hiyo inaposhikamana nacho, kipokezi hujibandika kwenye DNA na kuamsha jeni zinazoiamuru seli igawanyike. Takribani saratani saba kati ya kila kumi za matiti duniani hustawi kwa njia hiyo. Mwaka 1896, George Beatson wa Glasgow aliripoti uvimbe wa matiti ulionywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari. Sababu yake ilidhihirika zaidi ya miaka 60 baadaye, Elwood Jensen alipokitambua kipokezi chenyewe huko Chicago.

Tamoksifeni huwahi nafasi ya estrojeni kwenye kipokezi. Mwenye vipokezi akiimeza kila siku kwa miaka 5, hatari ya kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa karibu theluthi moja. Asiye navyo huambulia madhara matupu, yakiwamo joto la ghafla na damu kuganda mishipani. Kuitoa dawa hii kwa kukisia, eti kwa kuwa ni rahisi bei, ni huruma isiyo na msingi.

Hata hivyo, kipimo nacho kinastahili kutiliwa shaka. Kipande cha uvimbe hutakiwa kutiwa kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Kikiachwa katika maji ya chumvi, au kikisubiri usafiri kikiwa kikavu, protini huharibika na maabara huandika “hasi” kwa uvimbe uliokuwa chanya. Lawama humwendea mtaalamu wa patholojia, ilhali kosa lilitendeka chumba cha upasuaji.

Fomu ya maabara basi ionyeshe saa mbili: ya kukata na ya kutia formalini. Zikikosekana na jibu likawa hasi, daktari aombe kipimo kirudiwe kwa sampuli nyingine kabla ya kumnyima mgonjwa dawa. Naye mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya fomu hiyo na kuzisoma saa hizo mwenyewe.