Soma Masharti Kabla ya Kuuza Shamba

Nimekuwa kimya wiki mbili, kazi zimebana. Leo naandika kwa sababu ya binamu yangu. Ana KCSE ya B+ na anataka kusomea kompyuta ng'ambo. Wakala mmoja amemwambia alipie kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja Uingereza, na mjomba tayari anatafuta mnunuzi wa shamba.

Kozi zenyewe si utapeli. Vyuo vingi vya huko havihesabu KCSE kuwa sawa na A-Level. Shida ni kwamba cheti cha kozi chaweza kuwa kama faili inayofunguka kwa programu moja tu: chuo kilekile, au washirika wake wachache.

Ujerumani kuna Studienkolleg: mihula 2 ya hisabati, fizikia na Kijerumani, kisha mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Zile za serikali kwa kawaida hazitozi karo, ila ada ya muhula. Lakini sharti ujue Kijerumani kwanza, B1 au B2, na uonyeshe pesa za kujikimu. Rahisi? La.

Maoni yangu: muulize msajili wa chuo, si wakala, cheti hicho kinafunguka wapi kwingine. Mjomba, shamba lisubiri jibu.