Kodi ya Kuandika na Kodi ya Kulipa

Kuna sentensi moja ambayo sisi watu wa kuandika programu tunaipenda sana: "Mimi ni developa tu, mambo ya siasa siyajui." Hapa Rongo utaisikia kwa vijana waliomaliza chuo juzi, na Nairobi utaisikia kwa waliobobea kazini. Hao hao wako tayari kubishana wiki nzima kuhusu React na Vue, ama kama ChatGPT itatunyang'anya unga. Taja Mswada wa Fedha uone: kundi lote la WhatsApp linanyamaza kama maji mtungini.

Mimi nasema hiyo sentensi ilikufa tarehe 30 Mei 2025. Siku hiyo polisi walimkamata Rose Njeri, developa mwenzetu, jijini Nairobi. Silaha yake ilikuwa tovuti. Iliwaeleza watu vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025, na ukibonyeza kitufe, pingamizi lako linaenda Bungeni kwa barua pepe. Basi, ni hivyo tu. Walichukua vifaa vyake, akalala seli wikendi yote ya Madaraka, na tarehe 3 Juni akafikishwa korti ya Milimani. Kosa? Ati kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Hebu tuongee kama mafundi. Kuingilia mfumo ni kuiba nywila, kupenya seva, ama kuipiga kwa maombi bandia hadi izime. Kumsaidia mwananchi kuandika barua ni jambo lingine kabisa. Kwenye HTML kuna kiungo cha mailto ambacho hata anayeanza kujifunza anakijua: kinakujazia anwani, kichwa cha barua na maneno yenyewe, halafu unatuma mwenyewe. Kama huo ni uhalifu, basi mkamateni pia karani wa posta anayeuza stempu.

Kuna wenzetu watasema, "Lakini barua zilikuwa nyingi, mfumo wa Bunge ungelemewa." Sawa. Ibara ya 118 ya Katiba inaliamuru Bunge liwezeshe umma kushiriki katika kutunga sheria, na huo umma, kwa sensa ya 2019, ni watu zaidi ya milioni 47. Ukialika kijiji kizima harusini, sufuria ikawa ndogo, huwashtaki wageni. Unatafuta sufuria kubwa. Kupanga foleni ya barua na kuchuja zinazofanana ni kazi ya kawaida kwa developa yeyote. Seva ikishindwa kupokea maoni iliyoyaomba, mwenye makosa ni seva.

Na tuseme ukweli kuhusu nani anafaidika na kitufe kama kile. Kutoka Rongo hadi Nairobi ni safari ya basi usiku kucha. Mkulima wa miwa wa huku ama mama anayeuza omena sokoni hawezi kuacha kazi aende kuongea na kamati kwa dakika tano. Kitufe kinamfupishia barabara. Ushiriki ukiwa mgumu, wanaongea wachache wenye nauli na wanasheria, kisha tunaambiwa "umma ulishirikishwa." Ukiwa rahisi, hicho kisingizio kinaisha. Ndio maana kiliwauma.

Unasema siasa haikuhusu? Soma tena kifungu cha 52 cha mswada huo. Kilitaka kuondoa kinga iliyoizuia KRA kudai data binafsi za wateja kutoka kwa biashara. Wabunge walikiondoa, lakini kabla ya hapo watu walipiga kelele. Sasa niambie: kingepita, nani angeandika programu ya kutoa data za wateja na kuzipeleka KRA? Mbunge? Maze, ni wewe. Ungepewa hiyo kazi Jumatatu asubuhi na kuambiwa imalizike Ijumaa.

Wiki moja baada ya Njeri kukamatwa, ilikuwa zamu ya jirani zetu. Tarehe 7 Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alichukuliwa na polisi Kakoth, Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Kufikia kesho yake alikuwa amekufa. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na hadithi hiyo, na watu sita, wakiwemo polisi, wakashtakiwa kwa mauaji. Barabara ambayo ni ndefu sana kwa maoni yetu kufika Bungeni ilikuwa fupi kwa gari la polisi.

Tarehe 20 Juni hakimu alitupa kesi ya Njeri, akisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Tulishangilia. Lakini kesi ndiyo ilitupwa. Sheria bado iko. Tarehe 15 Oktoba rais alitia saini marekebisho yake, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha unyanyasaji mtandaoni, chenye adhabu ya hadi shilingi milioni 20 ama miaka 10 jela. Kwa muda, wasee.

Kwa hivyo acheni kujificha nyuma ya laptopu. Mswada ukija, chukueni vifungu vyake mviweke kwa Kiswahili na Dholuo ambayo nyanya anaelewa. Wekeni kazi yenu wazi kwenye GitHub, ndio mmoja akikamatwa Nairobi, mwingine aiendeleze kutoka Rongo ama Awendo. Na mkiambiwa muandike programu ya kufungua data za watu, ulizeni amri ya korti iko wapi.

Kodi ya kulipa inakatwa kabla hujaiona mfukoni. Kodi ya kuandika bado inapita kwa vidole vyetu, na hakuna anayeweza kuiandika bila sisi kukubali.