Windows 10 imeachwa: mashine za nyumbani Goma zinabaki na ulinzi gani?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutuma marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mjini Goma, habari hiyo ilipita bila kelele. Mashine inawaka kama jana, Word inafunguka, sinema inacheza. Lakini njo hapo hatari iko: kila kasoro mpya inayogunduliwa inabaki wazi, na mwenye mashine haoni kitu.

Kompyuta nyingi za nyumbani ni za okazyo, zilitumiwa kwanza kwingine. Windows 11 inaomba chipu ya usalama TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa zile za Intel, ni kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2014, hata ikiwa nzima kabisa, inakataliwa. Na kununua ingine si jambo la kila familia.

Hatari ni ya kweli?

Mfano ni wa Mei 2017. Virusi WannaCry ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200.000 katika nchi karibu 150, kisha ikaomba feza ili kuzifungua. Dawa ilikuwa imetoka tangu Machi mwaka ule. Wengi waliopigwa ni wale ambao hawakuiweka, ao walikuwa na Windows za zamani.

Huku kwetu, watu wanazima marekebisho makusudi, juu yanakula mega. Wengine wako na Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi, na programu hizo mara nyingi zinakuja na virusi ndani. Tena kuna fulashi: mwanafunzi anaipeleka sekretariati kuprinti, inapita kwenye mashine iliyopokea fulashi za watu wengi, inarudi nyumbani na virusi. Folda zinafichwa, zinabaki alama za njia ya mkato. Mara nyingi faili zingali ndani, lakini mwenye kuogopa anaformati fulashi na kupoteza vyote.

Njia tatu

Ya kwanza: Microsoft ingali inatoa ulinzi wa nyongeza kwa mashine za nyumbani zenye Windows 10 ya 22H2, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, ao bure kwa mtu anayeingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe huko. Ya pili ni Linux Mint ao Ubuntu: ni bure, inafanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi za zamani, na LibreOffice inafungua faili za Word, hata kama mara zingine mpangilio wa kurasa unabadilika kidogo. Ya tatu, kwa asiyeweza hizo mbili: mashine isiunganishwe na intaneti, na fulashi ipimwe na antivirusi kabla ya kufunguliwa.

Juu ya uzito wa mashine, wengi wanakimbilia kuformati. Mara nyingi disiki ya zamani inayozunguka njo inachelewesha. Kuibadilisha na SSD kunasaidia kuliko programu zinazojiita za kusafisha. Vumbi nalo linaziba feni, mashine inapata moto. Na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unaweza kuua disiki siku moja: stabilizatere inapunguza hatari hiyo, lakini haiimalizi.

Kitu kisichonunuliwa tena

Mashine inaweza kupatikana ingine. Kazi ya mwisho wa masomo, picha za marehemu, hesabu za likelemba, kopi ya karatasi za kiwanja: hizo haziko sokoni. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, lava ilichoma nyumba kaskazini mwa mji. Siku tano nyuma, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Watu walitoka na kile mikono ilibeba. Januari 2025, wakati vita viliingia mjini, wengi walikimbia tena.

Kwa hiyo kopi iliyowekwa kwenye kabati moja na mashine haitoshi. Kanuni ya mafundi ni rahisi: kopi tatu, kwenye vyombo viwili vya namna mbalimbali, na moja iwe mbali na nyumba. Moja kwenye mashine, moja kwenye disiki ya nje inayochomolewa kila mara kazi ikiisha, juu virusi kama WannaCry inafunga pia kile kimechomekwa. Ya tatu ikae kwa ndugu wa mji mwingine, ao kwenye Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bila malipo. Mega zikiwa chache, karatasi zitangulie, picha zifuate. Na kila kopi ifunguliwe mara moja moja, kuhakikisha inasomeka.

Ulinzi wa Windows 10 uko na tarehe ya mwisho. Kwa kopi, hakuna wa kungoja: inaweza kuanza leo, umeme ukiwa ungaliko.