Zimwi likujualo

Jamani, nimechoka na zimwi la intaneti. Kila baada ya miezi michache redio na runinga zinapiga kamsa: kuna mtu asiyejulikana, anajifanya mtoto wa miaka 13, anawinda watoto wetu kwenye simu! Basi mzazi wa Kondele anamnyang'anya binti yake simu, anaifungia kabatini na kulala usingizi mnono.

Hofu hii tuliinunua mtumba. Marekani, kuanzia 2004 hadi 2007, runinga ya NBC ilionyesha kipindi cha "To Catch a Predator", wanaume wakinaswa walipokwenda kukutana na "mtoto" wa mtandaoni. Watu walikipenda kama sinema. Lakini mwaka 2008 Janis Wolak, David Finkelhor na wenzao walichapisha uchambuzi wa kesi za kweli zilizofika polisi huko huko: ni asilimia 5 tu ya wahalifu waliojifanya vijana. Wengi hawakuficha kwamba ni watu wazima, wala walichokitaka.

Na hapa kwetu? Utafiti wa Disrupting Harm wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, uliotolewa 2021, uliwahoji watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Kati ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamedhulumiwa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Kwa hiyo hatari ipo, sikatai. Ila mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto alimjua tayari. Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo mimi na wahenga tunatofautiana.

Kazi yangu ni kuandika programu, na wazazi huniomba niwawekee "ile ya kulinda watoto". Naiweka. Itazuia kurasa za ngono, sawa. Lakini ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefumbwa, kichujio cha mtandao hakiusomi. Na hata kingeusoma, kitajuaje kwamba anayeandika "umelala?" saa tano usiku ndiye anayemlipia karo? (Wanaouza programu hizi hawakwambii hayo.)

Tembea ufuo wa ziwa letu, Dunga, Usenge, mpaka Homa Bay. Jaboya, mvuvi kudai ngono ndipo amuuzie mwanamke samaki, haikuletwa na Facebook. Takwimu za afya za taifa za 2022 zinasema asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Homa Bay walikuwa wamewahi kushika mimba. Kenya nzima ni 15. Niambie, ndugu msomaji, ngapi kati ya hizo ni za yule mgeni wa kwenye runinga? Huyo wa runinga ni rahisi kumchukia kwa sababu hatutakutana naye matangani.

Utafiti ule ule ulikuta kwamba watoto waliosema walimwambia rafiki, ndugu au mzazi, na karibu hakuna aliyekwenda polisi. Sasa mtoto anayejua kwamba akisema atapokonywa simu, atasema? Atanyamaza, na anayemsumbua anategemea hilo hasa.

Simu ya bure ya watoto ni 116, iandike ukutani. Kisha mwambie mwanao leo jioni kwamba akikuonyesha ujumbe mbaya, simu itabaki yake, hata kama ujumbe umetoka kwa ndugu yako wa tumbo moja.